Uwele Kwenye Mizani

Mbukwenyi, ndugu zangu. Mzee wetu wa kanisa amenikumbusha pale mlangoni kwamba niseme kwa kifupi, na mimi nimemkubalia, lakini nyie mnanijua. Nitajitahidi.

Mimi ni mwoga. Waliokua nami wanajua kwamba tangu utoto naogopa beberu la mbuzi, naogopa radi, naogopa filimbi ya treni, na Mungu kwa mapenzi yake akaniozesha kwa mtu wa reli. Kwa hiyo msingojee ushuhuda wa shujaa. Nimesimama kwa sababu juzi hapa, kisimani, mwenzetu mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kama vile vidonge vyangu vya kupunguza mwili vilibaki, nimgawie. Simtaji. Sikumjibu pale pale, maana nilishikwa na baridi juani. Nimeona nimjibu hapa mbele ya wote, kwani huenda si yeye peke yake.

Mnakumbuka nilivyokuwa. Kwetu Ugogo mwili ni sifa ya nyumba, na mama mkwe wangu alikuwa akinitembeza kwa ndugu zake hadi nikaona haya. "Mwoneni mke wa mwanangu," anasema, "nyumbani kwetu watu wanakula." Nami nilifurahi, nisiwadanganye. Nilikuwa mnene na nilikuwa na heshima yangu.

Shida ilianza baada ya mtoto wangu wa mwisho. Kitovu kilianza kuchomoza, kwanza kama yai la kanga, baadaye kama ngumi ya mtu mzima. Nikikohoa kinatoka, nikilala kinarudi. Siku kilipokataa kurudi mpaka nikatapika, mume wangu alinipandisha treni tukaenda Dodoma hospitali. Daktari, Mzungu mmoja mpole, alinibonyeza akakirudisha, kisha akavuta kiti akakaa.

"Mama, hii ni ngiri," akasema. "Lazima tuikate kabla haijajisokota. Ikijisokota utumbo utanyongeka, na kutoka kwenu Gulwe hutanifikia."

Nikasema, "Basi nikate leo, baba."

Akatikisa kichwa. Akasema kwa mwili ule niliokuwa nao, akinilaza kwa dawa ya usingizi, moyo unaweza usiamke. Nipungue kwanza. Ndugu zangu, nawaambia, nilitoka pale nimewekwa kati ya vifo viwili: kimoja kinaningoja nikikaa nyumbani, kingine kinaningoja nikienda kupona.

Ndipo akaniandikia vidonge. Vilitengenezwa kwa tezi ya shingo ya mnyama iliyokaushwa ikasagwa, na kazi yake ni kuuchochea mwili uunguze mafuta yake wenyewe. Akanieleza nianze kidogo, nirudi kila mwezi kupimwa uzito, na nisipopungua ataongeza. Na tumbo nilifunge mkaja kila siku ili ngiri isitoke. Hayo ndiyo maagizo, na kila neno lilikuwa zuri.

Vidonge vikafanya kazi. Mwili ukaanza kushuka, nami nikashukuru, lakini shukrani yenyewe haikudumu. Nikienda kisimani naulizwa, "Wewe, unaumwa?" Kesho yake mwingine anauliza tena, halafu wa tatu haulizi, ananitazama tu shingoni. Mnajua ninachokisema. Mnamkumbuka yule mwenzetu aliyekonda ghafla, mvua zilikuwa nzuri na vihenge vimejaa, yeye anakonda. Watu wakasema ni kifua kikuu. Kibuyu chake cha kunywea kikatengwa, watoto wake wakawa wanacheza peke yao nyuma ya nyumba. Alipokwenda kupimwa hakukutwa na kifua kikuu, lakini kibuyu chake hakikurudi kati ya vibuyu vya wenzake mpaka alipohama hapa.

Mama mkwe wangu naye alimkumbuka. Akaniita ndani, akafunga mlango mchana kweupe.

"Mwanangu," akasema, "watatutenga. Wajukuu zangu watakula peke yao kama wachawi. Hii dawa meza, upone, lakini watu wasikuone unavyokwisha."

Akashona mfuko mrefu wa kaniki, akaujaza uwele, akanizungushia nyonga na tumbo, kisha juu yake akaukaza ule mkaja wa daktari, juu ya mkaja gauni, juu ya gauni kanga mbili. Msicheke, au chekeni tu, sasa naweza kuvumilia. Mtauliza kwa nini uwele. Alijaribu pamba ikabonyea. Uwele unakaa kama nyama, ukitembea nao unatikisika. Nikipita kisimani nilikuwa mnene vilevile, na walioanza kunitazama shingoni wakaacha. Kila nilipokonda, yeye akaongeza kibaba.

Sasa sikilizeni msiba wenyewe ulipoingilia. Mwezi ulipotimia nikaenda hospitali kupimwa. Mizani iko barazani, watu wamejaa, na mpimaji ni mwanamume. Mkaja aliokufunga mama mkwe wako huufungui barazani mbele ya wanaume. Nikapanda nilivyo. Mpimaji akasoma, daktari akasikia kwamba sikupungua hata ratili moja, akaongeza vidonge. Mwezi uliofuata nikapanda tena, uwele umeongezwa, na mizani ikasema vilevile. Daktari akakunja uso kwa huruma akaongeza tena.

Mtasema, mwanamke wewe, hukujua uwele una uzito? Nimebeba uwele kichwani tangu sijui kuhesabu. Nilijua. Lakini nilidhani daktari ananitazama mimi, na daktari alidhani mizani inanitazama. Vile anavyoongeza nilifikiri ndivyo dawa hiyo inavyokwenda, inapanda, inapanda, halafu unakatwa ngiri. Sikujua kwamba kinachopandishwa ni kifo changu.

Ikaanza mikono. Nikimimina chai inamwagika kandokando ya kikombe. Halafu jasho, jasho la asubuhi ya kipupwe wakati wenzangu wanaota moto. Usingizi ukanikimbia. Tumbo likawa linaendesha. Kisha siku moja nilikuwa uani napeta mtama, nikasikia treni inakuja kwa nguvu, na mume wangu alikuwa njiani na kiberenge cha genge lake. Nikamwambia binti yangu, "Kimbia ukaangalie, baba yako ametoka relini?"

Akanitazama. "Mama, hakuna treni."

Nikaweka mkono kifuani. Treni ilikuwa humu.

Ndugu zangu, tangu siku ile sikuwa na raha hata dakika. Nilikaa nikiusikiliza moyo wangu kama mtu anavyosikiliza mwizi juu ya paa. Unakimbia, unaruka, unanyamaza kidogo, na ule unyamavu ndio ulionitisha zaidi kwa sababu nilikuwa nangoja kama utarudi. Na sikumwambia mtu. Nikisema hospitali, watanikatalia kunipasua na ngiri itaniua. Nikisema nyumbani, mume wangu ataacha kazi kunilinda na tutakula nini. Nikisema kisimani, kibuyu changu kitawekwa upande. Hata sala niliikimbiza, naogopa nisifike kwenye amina.

Vidonge nilikuwa sivifuati mwenyewe, maana siku za kupimwa nilitoka hospitali duka la dawa limeshafungwa. Mume wangu alimpa cheti cha daktari rafiki yake mmoja, gadi wa treni, naye akifika Dodoma anapita duka la dawa, akirudi ananiletea. Hapo ndipo Mungu alipoweka mkono wake, kwa njia ambayo sote tuliiona ni usumbufu. Siku moja gadi akarudi mikono mitupu.

"Yule bwana wa duka la dawa amekataa," akasema. "Anasema vidonge hivi vimepandishwa mara ya pili, na yeye mwenyewe hajawahi kumwona kwa macho anayevimeza. Aje mwenyewe."

Mume wangu akakasirika. "Huyo Mhindi anauza dawa au anauza maswali?"

Lakini vidonge vilikuwa vinakwisha, na mimi nilikuwa na hofu ya kuvikosa kama nilivyokuwa na hofu ya kuvimeza. Mama mkwe akanifunga vizuri, akaongeza kibaba kwa sababu ya safari, nikapanda treni ya Dodoma.

Kutoka stesheni mpaka dukani si mbali, mnapajua. Siku ile nilisimama njiani mara nyingi, nashika kuta za watu. Nilipoingia dukani nilikuwa nimelowa kama nimetoka kufua. Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo, ana miwani, mfamasia aliyesomea kazi hiyo huko kwao. Mkewe alikuwa nyuma ya meza anafunga dawa kwenye karatasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Kaa kwanza. Hapa dawa haitoki mpaka mtu apumue."

Nikakaa. Hakwenda kwenye kabati. Alivuta kigoda akakaa mbele yangu, akaniomba mkono, akaweka vidole hapa kwenye kifundo, akatazama saa ya ukutani. Alitazama muda mrefu. Kisha akaacha kutazama saa, akatazama bangili zangu za shaba, zile alizonivalisha mama yangu siku ya harusi. Zamani zilikuwa zimezama kwenye nyama hata hazigeuki. Sasa nilikuwa nimezifunga uzi.

"Mama, hizi bangili umezifunga uzi kwa nini?"

"Zinaanguka, baba."

"Tangu lini zinaanguka?"

"Tangu nilipoanza vidonge."

Akasema taratibu, "Nilimwuliza daktari, akaniambia hujapungua hata kidogo. Mkono wako unaniambia umepungua sana. Mmoja hapa hasemi kweli, na sidhani ni mkono."

Machozi yakaanza kunitoka tu. Hakuniuliza tena. Akamgeukia mkewe wakazungumza kwa lugha yao, na yule mama akaja akanishika bega. "Njoo, dada. Nyuma ya pazia hakuna mwanamume."

Nyuma ya pazia nikavua kanga, nikavua gauni. Alipoufungua mkaja, uzi wa mfuko ukakatika. Ndugu zangu, uwele ulimwagika wote. Ulipita chini ya pazia ukaenda dukani kwenye miguu ya wateja. Nikasikia mtu mmoja anauliza, "Hivi siku hizi hapa mnauza nafaka?" Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Yule mama hakucheka wala hakushangaa. Alipiga magoti, akaanza kuukusanya kwa viganja. "Chakula hiki," akasema, "tusikikanyage." Nami nikapiga magoti, na kanga yangu moja, tukakusanya pamoja, tukaurudisha mfukoni.

Kisha akanipeleka kwenye mizani yao pale pale nyuma, akamwita mumewe asome bila kuniangalia mimi. Akasoma. Akavua miwani akaifuta, akasoma tena. Nilikuwa nimewahi kuona hofu usoni mwa watu wengi, lakini sikuwahi kuiona usoni mwa mtu mwenye dawa. Hapo ndipo nilipojua kwamba nakufa.

Nikashuka. Yeye akauchukua ule mfuko, akauweka peke yake kwenye mizani, sindano ikapanda.

"Tazama, mama. Mwezi wa pili sasa daktari anautibu mfuko huu. Lakini mfuko haumezi. Unayemeza ni wewe."

Nikamwambia, "Baba, nipe hivyo hivyo. Wamesema hawanikati ngiri mpaka nimalize kupungua. Nipe za mwezi huu tu."

"Nikikupa za mwezi huu," akasema, "mwezi ujao hutakuja kunisumbua."

Hakunipa. Alimwachia mkewe duka, akaniweka kwenye rikisho la jirani yake, akatembea kando yangu juani mpaka hospitali. Njia nzima sikuwaza kingine ila kwamba sasa nitafukuzwa, nitarudi Gulwe na ngiri yangu na aibu yangu. Daktari akamsikiliza hadi mwisho, akanisikiliza kifua kwa chombo chake, na rangi ikambadilika. Hakufoka. Alinishika mkono akaniambia kumbe ni vizuri nimekuja leo, si kesho. Na tangu siku ile, ukienda pale kupimwa, kuna chumba chenye pazia na mpimaji mwanamke. Nendeni mkaone.

Vidonge vikasimamishwa. Lakini msidhani hofu ilisimama navyo. Mfamasia aliniambia mapema, na hilo ndilo lililoniokoa akili: "Dawa hii haitoki mwilini leo. Moyo utaendelea kukimbia kwa siku kadhaa, halafu utaanza kuchoka wenyewe. Usiogope ukiukuta bado unakimbia. Ogopa kifua kikibana au ukizimia, na hapo usingoje kuche, watu wakulete hospitali." Ndugu zangu, kumwambia mwoga aogope nini na asiogope nini ni dawa kubwa. Nilikaa pale pale Dodoma, mtaa wa Makole, kwa shangazi wa mume wangu, na kila asubuhi nilitembea pole pole mpaka dukani, nakaa kwenye kile kigoda, ananishika mkono. Siku nyingine ananiitikia kwa kichwa tu, nami narudi nimepata siku moja zaidi.

Mama mkwe wangu akaletewa habari, akaja. Aliingia dukani akiwa amekaza uso, maana alijua anakwenda kugombezwa na mtu baki. Yule mfamasia akampa kiti.

"Mama," akamwuliza, "uliogopa nini?"

Hakutegemea swali lile. Akamwambia yote, habari ya kibuyu, habari ya watoto wanaocheza nyuma ya nyumba. Akamalizia, "Nilikuwa namficha kwa watu. Sikujua namficha na kwa daktari."

"Basi tangu leo," akasema yule bwana, "wewe ndiye utakayemleta kupimwa. Nguo zake utazishika wewe."

Mkewe naye alimwuliza tunavyokula. Mama mkwe akamweleza kwamba tunakula bakuli moja, na kumtengea mtu chake ni kumfukuza. Wale watu hawakusema tuache desturi yetu. Wakasema niwalishe watoto kwanza, nikae bakulini wenzangu wakiwa wameshaanza, mlenda na mboga nile kwa wingi, samli niwaachie wasio na ngiri. Na kila siku nitembee, kwanza mpaka mwisho wa mtaa, baadaye mbali zaidi. Hakuna kidonge kilichobaki katika maisha yangu ila hicho cha kutembea.

Niliporudi hapa nilikuwa mwembamba kama mnavyoniona, bila uwele. Nilikuwa naogopa kisima kuliko kisu cha daktari. Mama mkwe akasema, "Twende." Tukafika, wenzangu mkanyamaza, mnajijua. Akachota kwa kibuyu changu, akanipa nikanywa. Akakipokea, akanywa yaliyobaki, mbele yenu, mpaka tone la mwisho, akajifuta mdomo kwa kanga. Siku ile hakuna aliyetenga kibuyu changu.

Ngiri ilikatwa mvua zilipoanza. Nililazwa na hofu yangu yote, nikahesabu kwa sauti kama walivyoniambia, na kitu cha kwanza nilichokisikia nilipoamka ni moyo wangu, unatembea taratibu kama ng'ombe anayerudi zizini. Nililia sana, mpaka muuguzi akadhani naumwa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari aliyekubali kusikiliza. Namshukuru mfamasia yule aliyekataa kumpa gadi vidonge, ambaye mume wangu siku hizi hapiti Dodoma bila kumpelekea asali, na mkewe aliyepiga magoti kwenye uwele. Namshukuru mama mkwe wangu, yule pale, anajifanya kutazama dirishani.

Na wewe uliyeniuliza kisimani. Vidonge havikubaki, na vingebaki nisingekupa. Dawa ile ina watu wake na ina vipimo vyake, na mwili wa jirani si mizani yako. Lakini leo nimekuona umeingia humu, joto hili, umejifunika kanga tatu na umefunga uzi bangili zako. Kumbe vya kwako umeshavipata kwingine, uliniuliza ili uongeze. Sikutaji, wala usiinue kichwa. Jumatatu treni inapita asubuhi. Mimi nitakuwepo stesheni, na mama mkwe wangu atakuwepo. Wewe njoo tu. Nguo atakushikia yeye.